Nani ataenda kwa mfalme kwa ajili yao?

Masomo ya juma hili: Yeremia 38:1-13, Hesabu 27:1-11, Luka 18:1-8



Juma hili tunawaletea fundisho juu ya wafungwa. Waebrania 13:3 inatuagiza kuwabeba moyoni watu walio gerezani, na kujihesabu kana kwamba mlango umefungwa na sisi tukiwa ndani. Agizo hilo makanisa yetu yanalijua. Mama wa kanisa wanaenda gerezani na unga, na sabuni, na nguo za watoto. Lakini wako wafungwa ambao hatuwezi kuwafikia na sahani ya ugali. Wako mbali, lugha yao ni nyingine, hata dini yao ni nyingine. Kwa watu kama hao Neno la Mungu linatudai nini?

Jibu letu ni hili: tuwaombee mbele za Mungu, tena tuwaambie watawala wetu waende kusema na watawala waliowafunga. Mambo hayo mawili yanatembea pamoja. Leo tunaeleza kwa nini, na kazi hiyo inafanyika namna gani, tukichukua mfano wa wanawake wa Saudi Arabia waliofungwa kwa sababu ya kudai haki za wanawake.

1. Mwafrika mmoja mlangoni pa mji

Tufungue Yeremia 38. Nabii ametupwa ndani ya shimo. Hakuna maji humo, ni matope tu, na nabii anazama. Wakubwa wa Yerusalemu walimwita adui wa taifa, wakasema maneno yake yanavunja mioyo ya askari. Mfalme Sedekia hakumhukumu kwa haki. Aliwaambia tu kwamba yumo mikononi mwao, kwamba yeye hawezi kushindana nao. Ni mfalme dhaifu, anayeosha mikono.

Katika mji wote walikuwepo makuhani, walikuwepo wazee, walikuwepo ndugu wa Yeremia. Aliyesimama ni mgeni: Ebedmeleki, Mkushi, Mwafrika aliyetumika katika nyumba ya mfalme. Angalieni alichofanya. Alitoka nyumbani akaenda kwenye lango la Benyamini, mahali mfalme alipokuwa ameketi kukata mashauri mbele ya watu. Akasema wazi kwamba wale wakubwa wametenda uovu, na ya kuwa mfungwa atakufa kwa njaa. Hakutukana, hakuleta silaha. Alitaja kosa, akamtaja mfungwa, akataja hatari.

Basi mfalme yule yule aliyesema hawezi, akaweza. Akampa watu thelathini. Ebedmeleki akatafuta matambara na nguo kuukuu ili kamba zisimchubue nabii kwapani, wakamvuta juu.

Tukumbuke mambo mawili. Kwanza, mtawala anayesema kwamba hawezi, mara nyingi anangoja tu mtu wa kumwambia mbele ya watu. Pili, mstari wa 13 unasema Yeremia alibaki katika uwanja wa walinzi. Alitoka shimoni, lakini hakuwa huru kabisa. Jambo hili la pili tutalirudia.

2. Wanawake walioomba kuendesha motokari

Sasa twende Saudi Arabia. Kwa miaka mingi, nchi hiyo ilikuwa peke yake duniani ambayo haikumpa mwanamke permi ya kuendesha motokari. Mama mwenye mtoto mgonjwa usiku alipaswa kumngoja mume, kaka au dereva wa kulipwa. Tena kila mwanamke alikuwa chini ya mlezi wa kiume, ambaye ruhusa yake ilihitajika kwa mambo mengi: pasipoti, safari, ndoa.

Tarehe 6 mwezi wa 11, 1990, wanawake 47 waliingia katika motokari mjini Riyadh wakaendesha. Walikamatwa, wakanyang'anywa pasipoti, na wengine walipoteza kazi. Mwaka 2011 Manal al-Sharif alijionyesha kwenye video akiendesha, akafungwa siku tisa. Mwezi wa 12, 2014, Loujain al-Hathloul alijaribu kuvuka mpaka kutoka nchi ya Falme za Kiarabu akiwa kwenye usukani. Akakaa kizuizini siku 73.

Mwezi wa 9, 2017, mfalme Salman alitoa amri kwamba wanawake wataruhusiwa kuendesha. Ruhusa ilianza tarehe 24 mwezi wa 6, 2018. Dunia ikapiga makofi. Lakini majuma machache kabla ya siku hiyo, mwezi wa 5, polisi walianza kuwakamata wale wale walioiomba ruhusa hiyo: Loujain al-Hathloul, Aziza al-Yousef, Eman al-Nafjan na wenzao. Magazeti yaliyo karibu na serikali yalitoa picha zao yakiwaita wasaliti. Mwezi wa 7 wakachukuliwa Samar Badawi na Nassima al-Sada.

Ndugu, tulielewe jambo hili vizuri. Mlango ulifunguliwa, na waliobisha hodi wakatiwa gerezani. Ilikuwa kama kuwaambia watu wote: haki ni zawadi ya mkubwa, msithubutu kuidai.

Familia zao zilisema kwamba ndani ya kizuizi baadhi ya wanawake hao walipigwa, wakachomwa na umeme, wakatishiwa kunajisiwa. Serikali ilikana. Katika mashitaka ya Loujain mlikuwemo kuongea na waandishi wa habari wa nje, na wanadiplomasia, na mashirika ya haki za binadamu. Tarehe 28 mwezi wa 12, 2020, mahakama iliyowekwa kwa ajili ya kesi za ugaidi ilimhukumu miaka mitano na miezi minane, ikisimamisha sehemu ya hukumu hiyo.

Sasa linganisheni na Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya mkutano wote. Walidai urithi ambao desturi iliwanyima. Musa hakuwaita wasaliti. Hakuwatuma kwenye kasho. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti hao wamesema haki, na sheria ikabadilishwa kwa ajili yao na kwa ajili ya wote. Mwanamke anayedai haki kwa amani ana mahali pake mbele za Mungu, na mahali hapo si gerezani.

3. Sauti ya serikali inafanya kazi namna gani

Mtu wa kawaida anauliza: serikali ya nchi moja inawezaje kumtoa mfungwa wa nchi nyingine? Haina funguo za gereza lile. Ni kweli. Ila ina njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya siri. Balozi au waziri anapokutana na mwenzake juu ya biashara au mkutano, anaweka jina la mfungwa mezani. Anauliza: mama huyu yuko wapi? Ameonana na avoka wake? Kesi yake ni lini? Mkubwa wa gereza akijua kwamba swali litarudi, mkono wake unakuwa mwepesi kidogo.

Njia ya pili ni kutuma mtu kuketi mahakamani na kusikiliza. Mwezi wa 3, 2019, kesi ya wanawake hao ilipoanza Riyadh, wanadiplomasia na waandishi wa habari wa nje walikwenda, wakazuiwa mlangoni. Hata kuzuiwa kwao kulikuwa ushuhuda. Kesi ya haki haiogopi kusikilizwa.

Njia ya tatu ni kusema mbele ya wote, kama Ebedmeleki pale langoni. Mahali pa kusema ni Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, mjini Geneva, lenye nchi wanachama 47. Baraza hilo halina jeshi wala gereza. Nguvu yake ni jina. Na watawala wanalinda jina lao sana, hasa wale wanaotafuta wageni, wawekezaji na michezo mikubwa. Saudi Arabia ilikuwa mwenyekiti wa mkutano wa mataifa tajiri ya G20 mwaka 2020, na imepewa Kombe la Dunia la kandanda la 2034. Nchi ya namna hiyo haipendi kutajwa Geneva.

Tarehe 7 mwezi wa 3, 2019, balozi wa Iceland alisimama katika Baraza hilo. Iceland ni kisiwa cha watu wasiofika 400 000. Alisoma tamko la nchi 36, akataja wafungwa hao kwa majina, akaomba waachiliwe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi nyingi kusema pamoja namna hiyo juu ya Saudi Arabia katika Baraza hilo. Majuma matatu baadaye, tarehe 28 mwezi wa 3, wanawake watatu walitoka kwa muda, kati yao Aziza al-Yousef na Eman al-Nafjan. Mwezi wa 5 wengine wakatoka. Mwezi wa 8 mwaka ule sheria ilibadilishwa ili mwanamke aliyepita miaka 21 apate pasipoti na kusafiri bila ruhusa ya mlezi. Mwezi wa 9 Australia iliongoza tamko la pili, na mwaka 2020 Denmark ikaongoza la tatu. Tarehe 10 mwezi wa 2, 2021, Loujain al-Hathloul alitoka baada ya zaidi ya siku 1 000. Mwezi wa 6 mwaka huo Samar Badawi na Nassima al-Sada wakatoka.

Hatusemi kwamba tamko moja lilivunja minyororo. Moyo wa mfalme hatuuoni, na familia zilipiga kelele mchana na usiku, na wengi waliomba. Lakini ndivyo Bwana Yesu alivyofundisha katika Luka 18. Yule kadhi hakumcha Mungu wala hakumjali mtu. Hakuokoka siku ile. Alichoka tu na mjane aliyekuja, akarudi, akaja tena. Mjane hakuhitaji kadhi mwema. Alihitaji miguu isiyochoka.

Tena tuseme ukweli: kusema kuna gharama. Mwezi wa 8, 2018, Kanada iliomba hadharani Samar Badawi aachiliwe. Saudi Arabia ikamfukuza balozi wa Kanada, ikasimamisha biashara mpya, ikawarudisha wanafunzi wake waliokuwa wanasoma kule. Nchi moja ikisema peke yake inapigwa. Nchi 36 zikisema pamoja, ni vigumu kuzipiga zote. Kwa hiyo kila sahihi inayoongezwa inawalinda wale waliotangulia kutia sahihi.

Sasa lile jambo la Yeremia 38:13. Wanawake hao walitoka shimoni, lakini walibaki katika uwanja wa walinzi. Loujain alikatazwa kusafiri nje ya nchi, na hukumu yake ikabaki juu ya kichwa chake. Na shimo halikufunikwa. Salma al-Shehab, mama wa watoto wawili aliyekuwa akisoma Uingereza, alihukumiwa mwezi wa 8, 2022, miaka 34 kwa sababu ya maneno aliyoandika kwenye mtandao. Sauti zilipazwa, hukumu ikapunguzwa mara kadhaa, na mwanzoni mwa 2025 alitoka. Mwezi wa 1, 2024, kijana Manahel al-Otaibi, mwalimu wa mazoezi ya mwili, alihukumiwa miaka 11. Aliandika akiunga mkono haki za wanawake, na alionekana kwenye picha bila vazi la heshima la kule. Kosa lake liliitwa ugaidi.

4. Kiti chetu Geneva

Hapa fundisho linatugusa sisi wa Kongo. Katika zile nchi 36 za mwaka 2019, nchi za Ulaya zilikuwepo, Kanada ilikuwepo, Australia ilikuwepo, New Zealand ilikuwepo. Nchi ya Afrika haikuwepo hata moja. Na mwaka ule Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa mwanachama wa Baraza hilo. Ilikuwa imeketi ndani ya chumba. Yerusalemu Mwafrika alisema peke yake wakati wenyeji walinyamaza. Geneva wengine walisema na Afrika ikanyamaza.

Lakini Mungu ametupa nafasi nyingine. Nchi yetu ilichaguliwa tena kuketi katika Baraza hilo toka 2025 mpaka 2027. Kiti hicho si cha watu wa Kinshasa peke yao. Ni chetu sote.

Na tuna deni. Mwaka 2020 Daktari Denis Mukwege wa Panzi, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, alitishiwa kuuawa kwa sababu alidai haki kwa wanawake walionajisiwa vitani. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema. Mwezi wa 9 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio juu yake. Mwezi huo huo askari wa MONUSCO walirudishwa kulinda hospitali. Tulimshukuru Mungu, na hatukuwauliza waliosema: ninyi ni watu wa dini gani, Kongo inawahusu nini? Tulichotendewa, tuwatendee wengine.

5. Maswali matatu ya wapendwa

Swali la kwanza: hao si Wakristo, kwa nini kanisa lijisumbue? Tunajibu: yule aliyelala njiani kati ya Yerusalemu na Yeriko hakuulizwa dini yake. Msamaria aliona damu, akashuka kwenye punda. Na tusiseme vibaya juu ya majirani zetu Waislamu kwa sababu ya habari hii. Wanawake hao ni Waislamu, na wanaowalilia wengi ni Waislamu. Shauri hili ni la haki na udhalimu.

Swali la pili: je, Warumi 13 haitukatazi kuingilia wakubwa? Warumi 13 inasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Kumwomba mtumishi afanye kazi aliyotumwa si uasi. Paulo mwenyewe aliyeandika maneno hayo, kule Filipi (Matendo 16), alikataa kufukuzwa gerezani kwa siri. Alitaka wakubwa waje wenyewe, kwa sababu walimpiga bila hukumu. Aliimba usiku, na asubuhi akadai haki yake. Kuimba hakukumzuia kudai.

Swali la tatu: haki za wanawake si mambo ya Wazungu? Mabinti wa Selofehadi hawakuwa Wazungu. Na tuangalie nyumbani kwetu. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kwenda mahakamani au kutia sahihi mapatano ya mali. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Mama wengi wanaosoma kikaratasi hiki waliishi chini ya sheria ile. Wanajua uzito wa kuomba ruhusa kwa kila jambo. Na iliondolewa kwa sababu wanawake wa Kongo walidai, miaka na miaka. Mtu ambaye juzi alivuka mto asimcheke aliye bado majini.

6. Tufanye nini juma hili

Kwanza, tuombe kwa majina. Mungu anawajua wote, lakini jina linafungua moyo wa anayeomba. Katika Matendo 12 kanisa lilikesha kwa ajili ya mtu mmoja, Petro, na malaika aliijua selo yake.

Pili, tuandike. Kila selo ya maombi inaweza kuandika barua moja kwa mbunge wake, au kwa waziri wa mambo ya nje, au kwa waziri wa haki za binadamu. Barua iwe fupi, ya heshima, bila matusi kwa nchi yoyote wala dini yoyote. Itaje mfungwa mmoja, na kosa aliloshitakiwa. Iombe mambo ya wazi: mjumbe wetu Geneva atie sahihi tamko la kuomba aachiliwe, mwanadiplomasia wetu aulize habari zake, waliokwisha kutoka waondolewe katazo la kusafiri. Kabla ya kutuma, tuhakikishe habari za mfungwa zilivyo siku hiyo, kwa sababu barua yenye kosa inamwumiza yeye. Radio itawasaidia kwa hilo.

Tatu, tumwulize mbunge uso kwa uso. Vikao vya kawaida vya bunge vinaisha tarehe 15 mwezi wa 6 na tarehe 15 mwezi wa 12, na wabunge wanarudi kwa watu waliowachagua. Anapokuja kutusalimu kanisani, tumpe kiti, tumpe soda, na tumpe swali: ulisema nini kwa ajili ya wafungwa hawa? Msimu unaofuata tumwulize tena. Yule mjane wa Luka 18 alirudi.

Nne, tuanze na shimo lililo karibu. Tukiandika juu ya Riyadh huku msichana wa mtaa wetu anakaa kasho bila kesi, barua yetu itatuhukumu. Idara ya mama wa kila parokia ihesabu wanawake walio ndani, iulize kila mmoja ana avoka au hana.

Yeremia 39 inamaliza habari ya Ebedmeleki. Kabla mji haujaanguka, Bwana alimtumia neno kwamba siku ile hatatiwa mikononi mwa watu anaowaogopa. Kumbe aliogopa! Alikwenda langoni na hofu yake, akasema nayo. Sisi pia hatungoji hofu iishe ndipo tuseme.

Tuombe: Baba, uwaone binti zako walio gerezani kwa sababu walisema kweli. Uwape nguvu usiku wa leo. Uguse mioyo ya wafalme. Na utupe sisi, na serikali yetu, midomo isiyofungwa na woga. Kwa jina la Yesu. Amina.